Televisheni kama skrini ya kompyuta

Kutumia televisheni kama skrini ya kompyuta ni kuunganisha kompyuta na runinga ya kawaida ili picha ya kompyuta ionekane kwenye runinga, badala ya skrini iliyotengenezwa mahususi kwa kompyuta au pamoja nayo. Njia hii hutumika nyumbani kutazama filamu na kucheza michezo, ofisini wakati wa mikutano, na shuleni kufundishia darasa zima pasipo na projekta. Hutumika pia pale kioo cha kompyuta ya mkononi kinapovunjika na gharama ya kukibadilisha ikawa kubwa.

Karibu kila runinga bapa inaweza kufanya kazi hii. Hata hivyo, runinga imeundwa kuonyesha picha zinazotembea kwa watu walioketi mbali, ilhali skrini ya kompyuta imeundwa kuonyesha maandishi yaliyotulia kwa mtu mmoja aliyeketi karibu. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi yanayoonekana: herufi zenye ukungu, kingo za picha zilizokatwa na mshale wa kipanya unaochelewa. Kwa kawaida matatizo haya si ubovu wa runinga wala wa kompyuta. Mengi huondoka kwa kubadilisha mipangilio, kebo au umbali wa kuketi.

Historia

Kompyuta za kwanza za nyumbani zilitegemea runinga. Mnamo Septemba 1973 jarida la Marekani Radio-Electronics lilichapisha makala ya Don Lancaster kuhusu chombo alichokiita TV Typewriter, kilichoweza kuandika mistari 16 yenye herufi 32 kila mmoja kwenye runinga ya kawaida. Apple I ya mwaka 1976 na Apple II ya mwaka 1977 ziliandika herufi 40 kwa mstari. Nchini Uingereza ZX Spectrum ya mwaka 1982 iliandika herufi 32 kwa mstari, nayo iliunganishwa na runinga kupitia tundu la antena. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo kilichogeuza picha kuwa mawimbi kama ya kituo cha televisheni, na mtumiaji alitafuta chaneli yake kama anavyotafuta kituo kingine chochote. Commodore 64, iliyotoka mwaka huohuo, ilifanya vilevile.

Idadi ndogo ya herufi ilitokana na uwezo wa runinga yenyewe. Katika mfumo wa NTSC uliotumika Marekani, mstari mmoja wa picha huchorwa kwa muda wa mikrosekunde 52 hivi, na mawimbi ya picha hayapiti megahezi 4.2. Herufi 40 zenye upana wa nukta 8 kila moja ni nukta 320, ambazo huhitaji megahezi 3 hivi, zinapita. Herufi 80 ni nukta 640, ambazo huhitaji megahezi 6. Hazipiti, na herufi huchanganyikana. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wa ofisi waliohitaji mstari wa herufi 80 walinunua skrini maalumu. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 iliuzwa na skrini ya namna hiyo.

Utengano ulikamilika mwaka 1987 IBM ilipoleta mfumo wa VGA. Runinga za wakati ule zilichora mistari 15,625 kwa sekunde katika mfumo wa PAL, au 15,734 katika NTSC. VGA ilichora zaidi ya 31,000. Runinga ya kawaida haikuweza kufuata kasi hiyo, hivyo haikuweza kutumika bila kibadilishaji.

Runinga bapa zilizoenea katika miaka ya 2000 zilirudisha vyombo hivi viwili pamoja. Runinga bapa hugawanyika katika pikseli kama skrini ya kompyuta, na nyingi zilitengenezwa zikiwa na tundu la VGA. Mnamo Desemba 2002 makampuni saba, yakiwemo Sony, Philips, Panasonic na Toshiba, yalitoa toleo la kwanza la kiunganishi cha HDMI kinachobeba picha na sauti katika kebo moja. Kiunganishi hicho sasa kimo katika runinga na katika kompyuta nyingi.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kufundishia watoto, ilirudia wazo la miaka ya 1980. Toleo lake la kwanza lilikuwa na tundu la HDMI kwa runinga mpya na tundu la njano la AV kwa runinga za zamani, ili mwanafunzi atumie runinga iliyopo nyumbani.

Katika Afrika Mashariki watu wengi walizoea kuunganisha vifaa na runinga kwa sababu ya king'amuzi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Tangu hapo runinga ya zamani haikuweza tena kupokea vituo kwa antena yake yenyewe. Ilibaki kuonyesha picha iliyoletwa na king'amuzi. Kompyuta huunganishwa kwa namna hiyohiyo, na mara nyingi kwa tundu lilelile.

Viunganishi

- HDMI: ndicho kiunganishi cha kawaida zaidi. Hubeba picha na sauti. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 huweza kupitisha picha ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, lakini mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hupitisha picha hiyo mara 60 kwa sekunde, na la 2.1 la mwaka 2017 mara 120. Kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080 toleo lolote linatosha.
- VGA: tundu lenye matobo 15, aghalabu la buluu. Hubeba picha peke yake. Sauti huhitaji waya wake, kwa kawaida ule wenye pini ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni.
- DVI: kiliundwa mwaka 1999 kwa ajili ya kompyuta. Kwa kuwa picha yake ya kidijiti ni ya namna moja na ya HDMI, adapta rahisi au kebo yenye DVI upande mmoja na HDMI upande wa pili hutosha.
- DisplayPort: hupatikana katika kompyuta nyingi lakini ni nadra kwenye runinga. Huhitaji adapta ya kwenda HDMI.
- USB-C: baadhi ya kompyuta za mkononi na simu hutoa picha kupitia tundu hili, lakini si zote. Tundu linaweza kuwa na umbo lilelile na lisitoe picha kabisa. Ni lazima kusoma maelezo ya kifaa kabla ya kununua adapta.
- AV: waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe zinazopatikana kwenye runinga za chogo. Waya wa njano hubeba picha, na nyingine mbili hubeba sauti.
- Bila waya: Miracast, AirPlay na Chromecast hupeleka picha kwa mawimbi ya redio. Zinafaa kwa filamu na picha, lakini huchelewa, hivyo hazifai kwa kuandika wala michezo.

VGA ni mfumo wa analojia na HDMI ni wa kidijiti. Kebo tupu yenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili haigeuzi mfumo mmoja kuwa mwingine, hata kama pini zinaingia vizuri. Kinachohitajika ni kibadilishaji chenye saketi ndani yake. Tena kibadilishaji cha kutoka VGA kwenda HDMI hakifanyi kazi kinyume chake. Mnunuzi hutakiwa kuangalia upande upi ni wa kuingiza na upi ni wa kutoa.

Jinsi ya kuunganisha

1. Kuzima kompyuta na runinga, kisha kuunganisha kebo. HDMI huruhusu kuunganisha vifaa vikiwa vimewashwa, lakini kuzima ni salama zaidi, hasa kwa VGA.
2. Kuwasha runinga na kuchagua tundu lililotumika kwa kitufe cha "Source" au "Input" cha rimoti. Ikiwa king'amuzi kiko HDMI 1, kompyuta inaweza kuwa HDMI 2.
3. Kuwasha kompyuta. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P huleta chaguo nne: skrini ya kompyuta pekee, picha ileile kwenye skrini zote mbili, runinga kuwa nyongeza ya meza ya kazi, au runinga pekee.
4. Kuweka idadi ya pikseli sawa na ya runinga yenyewe. Runinga ya pikseli 1366 kwa 768 ikipelekewa picha ya 1920 kwa 1080 itaipokea, lakini itaibana na herufi zitapoteza ukali wake.
5. Kuchagua runinga kama mahali pa kutolea sauti, ikiwa sauti bado inatoka kwenye kompyuta.

Picha ileile ikionyeshwa kwenye skrini mbili zenye idadi tofauti ya pikseli, moja kati yake hulazimika kuridhika na kipimo kisicho chake. Mtu anayeitazama runinga tu afadhali achague runinga pekee.

Matatizo ya kawaida

Kingo zilizokatwa

Katika runinga za chogo ukingo wa picha haukuwa umenyooka wala thabiti. Watengenezaji waliikuza picha kidogo ili ukingo huo ufichike nyuma ya fremu. Runinga nyingi bapa zimerithi desturi hiyo ingawa hazina sababu nayo. Kwa filamu hakuna anayetambua, lakini kwa kompyuta upau wa chini wenye saa na kitufe cha kuanzia unaweza kutoweka. Aidha, kwa kuwa picha imekuzwa, pikseli moja ya kompyuta hailingani tena na pikseli moja ya runinga, na herufi zote huwa na ukungu.

Dawa yake imo katika menyu ya ukubwa wa picha ya runinga. Chaguo linalotakiwa huitwa "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel" au "Dot by Dot" kutegemea chapa. Ni vizuri kuanza na runinga kabla ya kuipunguza picha kwenye kompyuta, maana kuipunguza huko hurudisha kingo lakini hakuondoi ukungu.

Herufi zenye ukungu au kivuli cha rangi

Jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwanga na giza vizuri kuliko tofauti ya rangi. Televisheni hutumia udhaifu huo kupunguza wingi wa taarifa: kila pikseli hupewa kiwango chake cha mwanga, lakini rangi hugawanywa kwa pikseli mbili au nne pamoja. Namna hizi huandikwa 4:2:2 na 4:2:0, na namna isiyopunguza kitu huandikwa 4:4:4. Uso wa mtu hauharibiki kwa kupunguzwa hivyo. Herufi nyembamba huharibika, hasa nyekundu juu ya buluu, kwa kuwa huchukua rangi ya pikseli za jirani.

Katika runinga nyingi suluhisho ni kubadilisha jina la tundu kuwa "PC" katika menyu ya runinga. Mara nyingi jina hilo si lebo tu. Huiambia runinga ipokee rangi kamili na kuacha kuirekebisha picha.

Sababu nyingine ni "Sharpness". Kipengele hiki huongeza mstari mweupe kuzunguka vitu ili vionekane vikali kutoka mbali. Kwenye maandishi huacha kivuli kuzunguka kila herufi. Katika baadhi ya chapa kiwango kisichoongeza kitu ni sifuri, na katika nyingine kiko katikati. Hupatikana kwa kukishusha taratibu hadi kivuli kiishe.

Mshale unaochelewa

Runinga huichakata picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, huondoa chengachenga na kurekebisha rangi. Kazi hiyo inaweza kuchukua milisekunde 100 au zaidi. Mtazamaji wa filamu hajui, kwa kuwa sauti nayo hucheleweshwa ili ilingane na picha. Mtu anayesukuma kipanya hutambua mara moja. Hali iitwayo "Game" huzima sehemu kubwa ya uchakataji huo.

Mshale ukirukaruka badala ya kuchelewa, yafaa kuangalia kasi ya picha. Runinga ya 4K iliyounganishwa na kompyuta yenye HDMI 1.4 hupata picha 30 tu kwa sekunde. Kushusha picha hadi pikseli 1920 kwa 1080 hurudisha picha 60.

Ukubwa, pikseli na umbali

Inchi za runinga hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala wake. Hazielezi idadi ya pikseli. Runinga ya inchi 43 na skrini ya kompyuta ya inchi 24 zinaweza kuwa na pikseli 1920 kwa 1080 zote mbili, lakini pikseli za runinga ni kubwa karibu mara mbili kwa upana. Kununua runinga kubwa zaidi hakuongezi mahali pa kuandikia. Hukuza vilevile vilivyokuwapo.

Jicho lenye uwezo wa kawaida hutofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii. Kwa kipimo hicho inawezekana kukadiria umbali ambao pikseli mojamoja huacha kuonekana:

- Inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080: upana wa pikseli milimita 0.28, umbali mita 0.95.
- Inchi 32, pikseli 1366 kwa 768: upana wa pikseli milimita 0.52, umbali mita 1.8.
- Inchi 32, pikseli 1920 kwa 1080: upana wa pikseli milimita 0.37, umbali mita 1.3.
- Inchi 43, pikseli 1920 kwa 1080: upana wa pikseli milimita 0.50, umbali mita 1.7.
- Inchi 43, pikseli 3840 kwa 2160: upana wa pikseli milimita 0.25, umbali mita 0.85.

Mtu anayeandika mezani huketi kati ya sentimita 50 na 100 kutoka kwenye skrini. Hivyo basi runinga ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea, haifai kuwekwa mezani kwa kazi ya kila siku ya maandishi, ingawa ni nzuri ikitazamwa kutoka kwenye kochi. Runinga ya 4K ya inchi 43 ina pikseli ndogo za kutosha, lakini upana wake ni sentimita 95. Mtumiaji wa karibu hulazimika kugeuza shingo ili aone pembe zake.

Matumizi darasani

Runinga ina faida mbili juu ya projekta: huonekana bila kufunga madirisha, na haina taa ya kubadilishwa. Upungufu wake ni udogo. Swali la kwanza kwa mwalimu ni iwapo mwanafunzi wa dawati la nyuma anasoma kilichoandikwa.

Jibu hupatikana kwa hesabu. Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, alitoa mwaka 1862 kipimo cha herufi ambacho bado kinatumika hospitalini. Kwa kipimo hicho, herufi ndogo kabisa inayosomwa na jicho la kawaida kutoka mita 6 ina kimo cha milimita 8.7 hivi. Hiyo ni herufi ya kupimia macho, si ya kusoma kwa dakika 40. Ikizidishwa mara tatu kwa ajili ya kusoma bila kukaza macho, hupatikana milimita 26.

Kioo cha runinga ya inchi 43 kina kimo cha sentimita 53.5. Herufi kubwa za milimita 26, pamoja na nafasi kati ya mistari na pambizo, huruhusu mistari 10 hivi. Runinga ya inchi 32, yenye kimo cha sentimita 40, huruhusu mistari 7 hivi. Kwa darasa refu zaidi kanuni ni ileile: milimita 4.4 za kimo cha herufi kwa kila mita ya umbali. Ukurasa mzima wa kitabu ukionyeshwa kwenye runinga hiyo utasomwa na madawati ya mbele tu, wala hakuna mpangilio wa runinga unaoweza kusaidia. Ni lazima mwalimu akuze maandishi na kugawa somo katika kurasa fupi.

Runinga huwekwa juu ya usawa wa vichwa vya walioketi mbele, mbali na mwanga wa dirisha unaoakisiwa na kioo. Aina nyingi za vioo hufifia zikitazamwa kutoka pembeni sana, hivyo wanafunzi wa pembeni huhamishiwa katikati pale inapowezekana.

Usalama na utunzaji

Runinga nyingi hazilali kompyuta inapolala. Huonyesha ujumbe kwamba hakuna mawimbi na kuendelea kutumia umeme hadi zizimwe kwa rimoti au zijizime zenyewe baada ya muda.

Picha isiyosogea ni hatari kwa runinga za plazma na OLED. Upau wa kompyuta ukikaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku unaweza kuacha alama ya kudumu. Runinga za LCD, zikiwemo zile zinazouzwa kwa jina la LED, haziathiriki kwa kiasi hicho.

Kebo inayounganisha vifaa huunganisha pia ajali zake. Radi ikipiga karibu na dishi, mshtuko wa umeme unaweza kupita kwenye kebo ya dishi hadi kwenye king'amuzi, kisha runinga, kisha kompyuta kupitia HDMI. Wakati wa mvua ya radi haitoshi kuchomoa plagi ya ukutani. Ni lazima kuchomoa pia kebo ya dishi na ile ya kompyuta. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kulinda umeme hutakiwa kulinda runinga na kompyuta pamoja.

Runinga za chogo hubeba volti maelfu kadhaa ndani yake, ambazo zinaweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Hazipaswi kufunguliwa na mtu asiye fundi. Tena picha yake katika mfumo wa PAL huchorwa kwa zamu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa, kwa hiyo mistari myembamba ya kompyuta humetameta na kuchosha macho. Zinafaa kwa filamu, michezo na mazoezi mafupi ya kompyuta, si kwa kusoma kwa muda mrefu.

Tazama pia

- Televisheni
- Kompyuta
- Pikseli
- Projekta
- King'amuzi